Habari za Merikebu Eurydice

Merikebu ya matanga iitwayo Eurydice ilishushwa majini Portsmouth, Uingereza, mwaka 1843. Mwaka 1877 ikafanywa chuo cha mabaharia vijana. Maana ingawa merikebu za moshi zilikwisha kuenea, wakuu waliona kwamba asiyejua tanga hajui bahari. Tarehe 24 Machi 1878, ikirudi kutoka Bermuda, tufani ya theluji iliikumba karibu na kisiwa cha Wight. Madirisha ya mizinga yalikuwa wazi. Ilipolala ubavu maji yakaingia humo, ikazama kwa dakika chache. Walikufa zaidi ya 300, wakaokoka wawili tu. Mahakama ya kijeshi haikumlaumu mtu. Nasi tungalikubali hukumu hiyo upesi, kama merikebu iliyoshika mahali pake, Atalanta, isingalipotea na watu wake wote mwaka 1880, ikitoka Bermuda vile vile.