Mafuta ya bangi kwa mtoto mwenye kifafa: ajue nini mzazi wa Eastlands kabla ya kununua?

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, jirani yangu hapa Umoja alipiga hodi. Ni mama wa kwetu Pwani, mzaliwa wa Kilifi, aliyeletwa Nairobi na ndoa. Mkononi alishika kichupa cha kahawia. "Kaka, wewe umezoea karatasi. Nisomee hiki kabla sijampa mwana."

Mwanawe ana miaka sita na ana kifafa. Kichupa kilikuwa na picha ya jani la bangi na herufi CBD. Alikinunua kwa shilingi 4,500 kutoka kwa mtu waliyejuana kwenye simu tu. Niligeuza huku na huku: hakuna jina la mtengenezaji, hakuna tarehe ya kuharibika, hakuna kiasi cha kumpa mtoto. Nilimwomba asimtilie hata tone moja mpaka aonane na daktari, nami nikaanza kuulizia. Haya ndiyo niliyokusanya, na nayaandika kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye kichupa kama kile.

Ni dawa kweli?

Ni dawa, lakini si kila mafuta ni dawa. Bangi ina kemikali nyingi, na mbili ndizo zinazotajwa sana. THC ndiyo inayolevya. CBD, yaani kanabidioli, hailevyi, na ndiyo iliyofanyiwa utafiti wa kutosha kwa watoto wenye kifafa.

Mwezi wa Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa. Ilikuwa kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Mwaka 2020 ikaongezwa aina ya tatu, ya watoto wenye ugonjwa wa tuberous sclerosis. Uingereza nayo iliwaruhusu madaktari bingwa kuandika dawa za bangi kuanzia Novemba 2018, baada ya wazazi wa watoto kama Alfie Dingley kupiga kelele hadi serikalini.

Utafiti uliochapishwa 2017 ulihusu watoto na vijana 120 wenye Dravet. Waliopewa CBD walikuwa wakipata degedege kama mara 12 kwa mwezi, wakashuka hadi kama mara 6. Waliopewa dawa ya bandia walitoka kama 15 hadi 14. Tofauti hiyo si ndogo kwa mzazi anayekesha. Lakini walioacha kabisa kuanguka walikuwa wachache mno, kama watano katika kila mia. Anayekwambia mafuta haya yanaponya kifafa anakuuzia ndoto.

Tena dawa hii ina madhara yake: usingizi, kuharisha, kukosa hamu ya kula. Inaweza kulisumbua ini, hasa mtoto akiwa anatumia valproeti, dawa ya kifafa iliyo ya kawaida hapa kwetu. Ndiyo maana damu hupimwa kabla na baada ya kuanza, na kiasi hupimwa kwa uzito wa mtoto, si kwa "matone mawili asubuhi na jioni".

Sheria ya Kenya inasemaje?

Sheria ya mihadarati ni ya mwaka 1994, na bangi imo pamoja na mafuta yake. Mtu aliyekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe alikuwa akikabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10. Marekebisho ya 2022 yalipunguza hadi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Angalia maneno hayo, "ya kutumia mwenyewe". Mama aliyekutwa na mafuta ya kumpa mtoto hawezi kujikinga nayo kirahisi.

Sheria hiyohiyo inamwondolea hatia mgonjwa aliyepata dawa kwa maagizo ya daktari. Mlango upo, ila ni mwembamba. Kenya haijaweka mpango wa bangi ya matibabu wenye leseni za kuzalisha na kuuza kwa wagonjwa. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika mwaka 2018 akitaka sheria ibadilishwe, akafariki Julai 2019 jambo hilo likiwa halijafika popote.

Njia iliyobaki ya halali ni daktari bingwa aandike dawa iliyosafishwa kwa jina la mtoto, kisha iombewe kibali cha kuingizwa nchini kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Na bei? Epidiolex ilipotoka, ilitangazwa kwa dola 32,500 kwa mwaka huko Marekani. Kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni tatu. Kwa mtu wa Kayole au Dandora hilo si jambo la kuchanga kwa kikoba.

Kwanza, je, dawa za kawaida zimetumika sawasawa?

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu. Shirika la Afya Duniani linasema watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa za kawaida ipasavyo. Dawa hizo, kama fenobabitoni, kabamazepini na valproeti, ni za miaka mingi na za bei nafuu. Lakini watafiti wa KEMRI huko Kilifi walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa kwenye matibabu yanayofaa. Wengine walianzia kwa mganga, wengine walikatishwa na nauli, wengine waliacha walipoona mtoto ametulia.

CBD ni ya watoto ambao dawa hizi zimewashinda. Madaktari wanasema kifafa ni sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, zikatumika kwa kiasi kinachofaa, ziliposhindwa kukituliza. Kwa hiyo hatua ni hizi:

1. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukiwa umejisajili na SHA, vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 vinatakiwa kukuhudumia bila malipo. Omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na mambo yakizidi, Hospitali Kuu ya Kenyatta.

2. Weka daftari. Andika tarehe, saa, muda aliotetemeka na dawa aliyokunywa siku hiyo. Ukiweza, mrekodi kwa simu. Picha ya nusu dakika humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

3. Usikatishe dawa ghafla, hata kama umepata nyingine. Kukatisha kwaweza kuleta degedege lisilokoma.

4. Omba kuonana na daktari bingwa wa ubongo na neva wa watoto. Ni wachache, na wengi wao wako Nairobi, basi sisi wa huku tuna nafuu kuliko ndugu zetu wa Lamu. Muulize wazi: kifafa cha mwanangu ni cha aina gani? Ni sugu? Kuna mlo maalumu au upasuaji unaofaa? CBD yamfaa?

5. Ukiwa na kichupa tayari, mwambie daktari. Usimfiche kwa kuona haya. Akijua ndipo atajua la kupima.

6. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano, kimbia hospitali.

Chama cha Ustawi wa Watu Wenye Kifafa, KAWE, kiko hapahapa Nairobi na kinasaidia kwa ushauri na kliniki.

Na mafuta ya mtaani?

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD kwenye intaneti wakazipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa hazikufika thuluthi moja, na 18 zilikutwa na THC. Hayo ni Marekani, kwenye chupa zenye anwani. THC si kitu cha kumpa mtoto ambaye ubongo wake bado unakua.

Wako watakaouliza, na dini? Fatwa nawaachia wenye elimu. Ila tulivyofundishwa madrasa, dharura ina masharti yake: maradhi yawe ya kweli, dawa ya halali isiwepo, na anayeagiza awe tabibu anayeaminika. Muuzaji wa kwenye simu si tabibu.

Msimamo wangu ni huu. Hao watoto wachache wenye kifafa sugu wana haki ya dawa hii, na Wizara ya Afya na Bunge wawafungulie njia inayoeleweka na inayolipika, kupitia daktari. Njia ya halali ikiwa ngumu kiasi hiki, mama mwenye uchungu atapita ya vichochoroni. Lakini tusidai mafuta ya bangi huku fenobabitoni yenyewe inakosekana zahanati.

Jirani yangu alikwenda hospitali na daftari lake. Ikabainika mtoto alikuwa akipewa dawa siku alizoanguka tu, kwa sababu zahanati moja ilikuwa ikimwambia arudi wiki ijayo, naye akibana chache alizonazo zisiishe. Daktari alimpangia kiasi kipya cha kila siku. Siwezi kusema amepona. Wiki ya tatu ameanguka mara moja, na mamake ameandika tarehe na saa. Kile kichupa alimwachia daktari.

Mola awape afya watoto wetu.