Nyumba Kabla ya Ubao: Miaka 110 ya Shule ya Wasichana ya Mbereshi

Ukitoka Nchelenge kwa barabara ya kusini unaliacha Ziwa Mweru na chisense wake, ndugu wa dagaa, walioanikwa juani, kisha unaingia bonde la mto Luapula. Unapita Mwansabombwe, makao ya mfalme Mwata Kazembe, ambako mwaka 1867 David Livingstone alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekaa hapo miaka mingi na kuzuiwa asiondoke. Kiswahili, basi, si mgeni kwenye njia hii. Mbele kidogo ndipo Mbereshi.

Wamishonari wa London Missionary Society walijenga hapo mwaka 1900. Mwaka 1915 akafika Mabel Shaw, mwalimu kutoka Uingereza, akaanzisha bweni la wasichana, miongoni mwa mabweni ya mwanzo kabisa katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwaka 2025 ilitimia miaka 110, na ninaandika kwa sababu naamini shule ile ilianza mahali ambapo shule zetu nyingi hazianzii: mtoto analala wapi, anakula na nani, na nani anamwamsha asubuhi.

Shaw hakuwapanga wasichana kwa madarasa peke yake. Aliwagawa katika familia, kila familia na nyumba yake, na msichana mkubwa akawa mama wa wadogo. Kumtunza mdogo lilikuwa somo kama kusoma na kuhesabu. Shaw mwenyewe aliitwa Mama. Dini nayo aliifundisha kwa lugha ya bonde: Kristo alikuwa Mfalme, kwa maana ambayo mtoto aliyekulia karibu na Mwata Kazembe aliielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1932 alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo, *God's Candlelights*.

Wapi alipata mawazo haya? Sehemu kubwa ilikuwa tayari imemzunguka. Wabemba na jirani zao walikuwa na chisungu, unyago wao, na makungwi wake, banachimbusa, waliomfunza mwari kwa nyimbo, vinyago vya udongo na kazi za mikono. Audrey Richards, mwanaanthropolojia aliyeishuhudia chisungu kwa Wabemba mwaka 1931, aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka 1956. Wamishonari wengi waliona hapo ushenzi wa kukomeshwa. Shaw aliona pia elimu, akachukua alichokikubali na kuacha asichokitaka. Uamuzi ulikuwa wake, si wa makungwi. Hilo lazima lisemwe hata siku ya sherehe.

Nimekuwa nikiilinganisha Mbereshi na mapokeo ya mbali sana nayo. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua hekalu la Wabudha la Upanga, lililoanzishwa na watu waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Katika Ubudha malezi yana sehemu tatu: mwenendo, utulivu wa akili, na hekima, na mwenendo ndio msingi. Kanuni za watawa zinamtaka mwalimu amwone mwanafunzi kama mwanawe, na mwanafunzi amwone mwalimu kama baba yake. Wanaishi pamoja. Mwanafunzi humtayarishia mwalimu maji na kuosha bakuli lake. Mwalimu akiugua, mwanafunzi humuuguza, na mwanafunzi akiugua, mwalimu humuuguza yeye. Kumuuguza mtu kumewekwa ndani ya kanuni ya elimu! Sijui njia nyingine ya kuieleza ile familia ya Mbereshi vizuri zaidi ya hiyo.

Lakini Wabudha wana neno jingine pia, na hapo ulinganisho unauma. Watu wa Kesaputta, wanaoitwa Wakalama, walipomwendea Budha wamechanganyikiwa na wahubiri wanaopingana, aliwaambia wasishike jambo kwa sababu tu ni desturi, wala kwa sababu tu anayesema ni mwalimu wao. Walipime wenyewe kama linaleta madhara au heri. Huo ni mlango aliouachia mwanafunzi. Mlango wa Mbereshi ulikuwa mwembamba. Mwanahistoria Sean Morrow, alipoiandikia shule hiyo makala mwaka 1986, aliipa kichwa kinachosema kwamba hakuna msichana anayeondoka shuleni bila kuolewa. Msichana alitoka mikononi mwa Mama akaingia mikononi mwa mume. Nje ya bonde migodi ya Copperbelt ilikuwa ikivuta vijana na kubadilisha kila kitu, nayo shule ilitaka binti zake wabaki kijijini, wake wa Wakristo. Aliyewapenda ndiye aliyewaamulia.

Shaw aliondoka mwaka 1940. Zambia ikapata uhuru Oktoba 1964, na Januari 1965 makanisa yaliyotokana na misheni ile yakaungana na mengine kuwa United Church of Zambia. Jina la Mabel Shaw limebaki Mbereshi, kwenye shule ya sekondari ya wasichana.

Majina ninayoyatamani mimi ni ya wale mama wadogo, wasichana waliokuwa na miaka kumi na kitu, waliowaogesha wadogo zao, wakawabembeleza usiku wa kwanza mbali na kwao, wakawapikia. Siku Mbereshi itakapoadhimisha, yasomwe kwa sauti, yale yatakayopatikana, katika Kibemba.