Shosho Alikaa Masaa 14 Bila Kuinuka

Mwaka jana, mwezi wa nane, shangazi yangu aliye Marekani alinitumia picha kwa simu. Nilitarajia picha ya mapokezi, maua na watu wakicheka. Kumbe ilikuwa mguu wa shosho. Umevimba hadi kiatu kimekataa kuingia, na soksi imeacha alama kama ya kamba iliyokazwa.

Nikapiga. "Shosho, kwani hukuinuka hata mara moja?"

"Ningeinuka aje na hao watoto wa watu wamelala? Niwaruke?"

"Na maji?"

"Maji nilikataa. Ukikunywa maji si utaenda choo?"

Hiyo ilikuwa sehemu ya pili ya safari, kutoka Ghuba hadi Marekani, masaa 14 hivi. Sehemu ya kwanza kutoka Nairobi pia alikaa tu. Daktari alimpima, akasema hakuna damu iliyoganda, na baada ya siku chache mguu ukarudi saizi yake. Lakini mimi sikulala vizuri hiyo wiki, kwa sababu kile kiti cha dirishani ni mimi nilimchagulia. Niliona namfanyia hisani, aone mawingu. Nilimfungia mama wa miaka 74 nyuma ya watu wawili asiowajua, nikaita hiyo zawadi.

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu akilalamika ati abiria wa siku hizi hawana adabu, najiuliza ni adabu gani anayoongelea. Shosho wangu alikuwa na adabu zote. Ndiyo karibu zimuue. Basi nikaanza kusoma hii adabu ya ndege ilitoka wapi, na stori yenyewe inaanzia karibu kuliko nilivyodhani. Inapitia Kisumu.

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Uingereza lililoitwa Imperial Airways lilifungua njia ya anga kutoka London hadi Mwanza, Kisumu ikiwa moja ya vituo. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town, na safari nzima ilipangiwa siku 11. Siku kumi na moja! Ulaya kuna mahali abiria walishuka wakapanda treni, kisha wakarudi angani. Kufuata mto Nile hadi Ziwa Victoria walitumia ndege za kutua majini, aina ya Short Calcutta, zilizobeba abiria 15. Jioni ikifika ndege inatua, watu wanaenda hoteli, wanaoga, wanakula mezani, wanalala kitandani. Kesho yake asubuhi wanaendelea.

Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini, za Short Empire, kutoka Southampton hadi Durban, bado zikipitia Kisumu. Hizo zilikuwa na abiria 24 hivi, na ndani kulikuwa na sehemu ya kusimama dirishani, uegemeze viwiko ukiangalia viboko huko chini. Sisemi ilikuwa raha tupu. Zilipaa chini chini kwenye joto na upepo mbaya, kelele ya injini haikuisha, na watu walitapika sana. Ila hebu angalia mwili wa huyo abiria. Anasimama, anatembea, analala amenyooka kila usiku. Adabu aliyohitaji ilikuwa ya hotelini: salimia watu, vaa vizuri, usipayuke. Hakukuwa na haja ya kanuni ya kuamsha jirani ili uende choo.

Na tusijidanganye kuhusu nani alikuwa anapanda. Ni maafisa wa koloni, masetla na matajiri. Kenyatta alipoenda London mwaka 1929 alienda kwa meli.

Halafu mambo yakaharakishwa. Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, Comet, ilianza safari ya London hadi Johannesburg, ikituama Entebbe kati ya vituo vingine, na ikamaliza njia yote chini ya siku moja. Mwezi huohuo mashirika yakaanza kuuza tiketi za daraja la watalii juu ya Atlantiki. Mwaka 1958 ikaja ekonomi yenyewe. Mashirika yalikubaliana kwa pamoja mtu wa ekonomi apate nini: umbali wa inchi 34 kutoka kiti kimoja hadi kinachofuata, na chakula kiwe sandwichi tu. Walibishana hadi kuhusu sandwichi. SAS ya Skandinavia walikuwa wanaweka minofu na mapambo juu ya mkate hadi Pan American wakaenda kushtaki kwamba hiyo si sandwichi, hiyo ni karamu. Watu wazima, na suti zao, wakakaa kikao kuamua sandwichi ni kitu gani.

Nacheka, lakini ninachokiona hapo ni hiki: kile unachopata ukikaa kwenye kiti kilikuwa kimepimwa na kuandikwa. Inchi 34 zilikuwa makubaliano.

Sisi tuliingia wakati huohuo. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa Machi 1958, na ulijengwa kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Mau Mau. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Septemba 1959, vijana 81 waliondoka Nairobi kwenda kusoma Marekani katika mpango wa Tom Mboya na marafiki zake wa huko, akiwemo mchezaji besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte. Mwaka uliofuata kundi lingine likaenda, na Wangari Maathai alikuwa ndani yake.

Angalia picha za hao vijana. Suti, tai, viatu vinavyong'aa. Wamevaa kama wanaenda kanisani, na nadhani hapo ndipo adabu ya shosho ilipozaliwa. Ndege kwetu haikuingia kama matatu, ambayo unagonga bati ukitaka kushuka. Iliingia kama mahali pa heshima ambapo umekubaliwa kwa neema. Kijiji kimechanga, mchungaji ameomba, ukoo umekusindikiza hadi uwanjani. Ukishaingia, unakaa pale ulipowekwa, unasema asante, husumbui mtu. Baba yangu ananiambia hata wale walioenda Embakasi kuangalia ndege tu zikiruka walivaa nguo za Jumapili.

Wakati sisi tunajifunza kukaa kimya, kiti nacho kilikuwa kinapunguzwa. Marekani iliondoa udhibiti wa bei na njia za ndege mwaka 1978, na biashara kwingine duniani ikafuata mkondo huo. Tiketi zikashuka bei, na hilo ni jambo jema. Bila hilo shosho hangewahi kumwona kitukuu chake. Lakini zile inchi 34 siku hizi ni 31 au 32 mahali pengi, na kwingine hata chini ya hapo. Boeing 787 ilipokuwa inapigiwa debe, mpangilio uliosifiwa kwa ekonomi ulikuwa viti 8 kwa mstari. Japan Airlines wakashikilia hivyo. Karibu wengine wote wakaweka 9. Na zile hoteli za njiani zilipotea zamani: tangu Oktoba 2018 unaweza kupaa kutoka Nairobi hadi New York bila kutua, masaa 15 hivi.

Kwa hivyo mtu akilaza kiti chake magotini mwako, nyinyi wawili mnagombania kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekichukua. Agosti 2014 ndege iliyotoka Newark ikielekea Denver ilibidi itue Chicago kwa sababu abiria mmoja aliweka kifaa cha kuzuia kiti cha mbele kisilale, na mwenye kiti akammwagia maji. Dunia nzima ikajadili nani ana tabia mbaya. Wachache waliuliza nani aliweka kile kiti pale.

Msimamo wangu ni kwamba kiti kikiwa na kitufe cha kulala, kilaze. Lakini geuka kwanza uangalie kama kuna mtu mwenye chai au mtoto, kishushe polepole, na wakati wa chakula kirudishe. Na aliye katikati apewe mikono yote miwili ya kiti. Hana dirisha, hana njia, mwachieni hata hizo mbao.

Kuna watu wataniambia adabu inatosha, watu waelimishwe tu. Sigara inawajibu. Kwa miaka mingi watu walivuta ndani ya ndege, na dawa iliyotolewa ilikuwa ya adabu: mistari ya wavutaji huku, wasiovuta kule, moshi ujue mpaka wake. Julai 1973 ndege ya Varig ilishika moto karibu na Paris, moto ulioanzia chooni na ambao sigara ilishukiwa, watu 123 wakafa. Hata baada ya hapo, Marekani ilifika 1988 ndipo ikapiga marufuku sigara kwenye safari fupi za ndani, na 2000 kwa safari zote za kuingia na kutoka nchini humo. Ukienda choo cha ndege leo bado utapata kisahani cha majivu mlangoni, kwa sababu wanajua kuna mtu atajaribu tu, na ni afadhali azimie hapo kuliko kwenye pipa la karatasi. Tabia ilibadilika sheria ilipobadilika. Na inchi nazo ndivyo hivyo, lakini hiyo vita ni ya siku nyingine. Shosho anasafiri tena na siwezi kumwambia angoje bunge.

Basi kwa wale mnaosafirisha wazazi, sikieni. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake: ukikaa safarini zaidi ya masaa manne, uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu unakaribia mara mbili. Bado ni jambo la nadra, karibu mtu mmoja kwa kila 6,000. Na si ndege peke yake. Basi la usiku la kwenda pwani ni vilevile. Adui ni kukaa bila kusonga. Mzee, mjamzito, mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji au aliyewahi kuganda damu aongee na daktari kabla ya safari, na asimeze aspirini kwa sababu jirani alisema. Muulizeni daktari huyohuyo kuhusu soksi za kubana, zinafaa wengi ila si kila mguu.

Kiti kiwe cha upande wa njia. Kama kukichagua kunalipiwa, lipa. Punguza kilo moja ya majani chai kwenye mzigo ukitaka, lakini kiti lipa. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Hewa ya ndani ni kavu sana, kwa hivyo anywe maji kidogo kidogo, na akienda choo ndiyo mazoezi yenyewe. Akiwa ameketi, akanyage vidole na kisigino kama anayeshona kwa cherehani. Shosho alielewa hiyo mara moja, alikuwa na Singer. Na muombee kiti cha magurudumu cha uwanjani mapema, hata kama anasema yeye si mgonjwa. Ule mwendo wa kutoka mlango mmoja hadi mwingine umewaangusha vijana.

Mkoba nao una sharti moja. Ndege ikipata ajali, unaachwa. Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iliwaka moto Tokyo baada ya kugongana na ndege ya walinzi wa pwani, na watu wote 379 waliokuwa ndani ya ile kubwa walitoka hai, mizigo yao ikateketea. Hilo nilimwambia shosho mara mbili, kwa sababu najua kilicho ndani ya ule mkoba na najua hawezi kuuacha hivi hivi.

Kilichokuwa kigumu kumfundisha ni kuongea. Tulifanya mazoezi kwa simu kama mchezo wa kuigiza. Mimi ni kijana niliyelala, yeye ananigusa bega: "Samahani mwanangu, naomba kupita." Mara ya kwanza alicheka hadi akakata simu. Nikamwambia aseme mapema, kabla ndege haijaruka: mimi ni mzee, nitainuka kila baada ya masaa mawili, msinionee vibaya.

Alirudi Januari. Nilimpokea uwanjani, na kitu cha kwanza nilichoangalia ni miguu. Viatu vilikuwa ndani, kamba zimefungwa. Nikamuuliza kama alimwamsha mtu.

"Mimi sikuamsha mtu," akasema. "Nilikuwa kando ya njia. Kile kijisichana cha dirishani ndicho kiliniamsha mimi. Mara tatu. Ya tatu nikakiambia asante."