Elimu ya mazingira kwa watoto (Kebirigo)

Elimu ya mazingira kwa watoto ni mafunzo ya awali kuhusu namna binadamu anavyotumia maumbile na kuyabadilisha. Nchini Kenya, somo la Shughuli za Mazingira hufundishwa kuanzia shule za chekechea, chini ya mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019.

Kebirigo, mji mdogo wa kaunti ya Nyamira, una mifano mingi ya kufundishia, na mwalimu hahitaji kutegemea picha za kitabuni. Mtoto huona wazazi wakichuma chai, majani mawili na chipukizi lake, kisha wakiipeleka kwenye kituo cha kuuzia. Jambo lisiloonekana upesi ni kuni: viwanda vya chai huchoma magogo mengi ili kupata mvuke wa kukaushia majani. Ndiyo sababu mikaratusi imejaa mashambani. Mti huu hukua haraka na kumpa mkulima pesa, lakini hunywa maji mengi. Ukipandwa kando ya chemchemi, maji hupungua. Hapo ndipo somo linapopata uzito, kwa kuwa katika chemchemi hiyohiyo ndimo mtoto anamoteka maji.

Kuhusu mmomonyoko wa udongo, jaribio jepesi hufaa sana: kumwaga maji juu ya udongo mtupu wa mteremko na juu ya udongo wenye nyasi, kisha kulinganisha rangi ya maji yanayotiririka. Mito ya Nyamira humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, pamoja na udongo kama ule watoto wanaouona katika jaribio hilo.