Philips, Sony na ugomvi wa biti mbili

Kabla hujaitupa ile CD yenye mikwaruzo iliyolala kwenye droo, hebu sikia ilivyozaliwa.

Mwaka 1979 Philips ya Uholanzi ilijua kusoma diski kwa leza, kwani ilikuwa imeshatengeneza diski za video. Sony ya Japani ilikuwa imebobea katika kurekodi sauti kwa dijitali na kurekebisha makosa ya data. Kila moja ingeweza kwenda kivyake, lakini Sony ilikuwa tayari vitani, Betamax yake dhidi ya VHS ya JVC. Vita vya pili vya nini?

Basi kuanzia Agosti mwaka huo wahandisi wao wakawa wanakutana, na ubishi ukawa wa namba. Philips ilitaka biti 14 kwa kila sampuli, kwa sababu chipu yake ya biti 14 ilikuwa imefika mbali. Sony ikang'ang'ania 16. Philips ikataka diski ya sentimita 11.5, Sony 12. Wengi husimulia kwamba ilikuzwa ili simfoni ya 9 ya Beethoven ienee. Ni hadithi tamu, ila Kees Immink, mhandisi wa Philips aliyekuwemo, ameitilia shaka. Anakumbusha kwamba PolyGram, kampuni ya muziki iliyokuwa na mkono wa Philips, ilikuwa na kiwanda cha diski za 11.5, na Sony haikuwa nacho.

Sony ilishinda yote mawili. Lakini hapa ndipo ninapopapenda: Philips haikuitupa chipu yake. Iliiendesha kwa kasi mara 4 ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ikaisukuma kelele kwenye masafa ambayo sikio halisikii, kisha ikaichuja. Biti 14 zikatoa sauti inayokaribia ya biti 16! Sisi waandika programu tungeiita ujanja, na tungejivunia.

Juni 1980 wakakubaliana. Immink alikuwa amebuni EFM, namna ya kuandika biti kwenye diski, na msingi wa CIRC ulitoka Sony. CIRC hutawanya data jirani mbali mbali, hivyo hata mkwaruzo wa milimita 2 hivi hurekebishika.

Tarehe 1 Oktoba 1982 mashine ya Sony, CDP-101, ikaanza kuuzwa Japani. Washirika wakageuka washindani madukani. CD-ROM ilipokuja iliongezewa tabaka jingine la kurekebisha makosa, maana biti moja iliyokosewa kwenye wimbo hakuna anayeisikia. Kwenye programu, unaijua shughuli yake.