Dhahabu ya Geita na Tope Jeusi

Wasomaji wetu wakaao kando ya Ziwa, toka Mwanza hata Geita, wengi wamepata kuiona dhahabu ya manjano. Ni wachache walioiona ikiwa tope jeusi. Yafaa tulieleze tope hilo, maana wako wachimbaji waliodhani wameibiwa walipooneshwa, kumbe ndilo mali yao.

Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na Mjerumani mwaka 1898. Mgodi mkubwa ulianza miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mwingine ukaanza kazi mwaka 2000. Geita ilikuwa ya Mkoa wa Mwanza, hata ilipopata mkoa wake mwaka 2012.

Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha mchanga mwaloni, kisha huikamata dhahabu kwa zebaki. Lakini chembe nyingi ndogo hazikamatiki. Hubaki katika mchanga uitwao marudio. Mwaka 1887 John Stewart MacArthur na wenzake wa Glasgow walipata njia ya kuiyeyusha dhahabu kwa maji yenye sianidi. Siku hizi dhahabu iliyoyeyuka hivyo hunaswa na kaboni, na kaboni hupelekwa elusheni, ambazo ziko Mwanza pia. Huko dhahabu huondolewa katika kaboni kwa maji ya moto yenye soda kali, na maji hayo hupitishwa katika sanduku la umeme lenye nyuzi za chuma.

Michael Faraday wa Uingereza alionesha katika miaka ya 1830 kwamba wingi wa madini yatokayo majini hufuata wingi wa umeme uliopita. Lakini umbo la madini hufuata pia mbio za umeme huo na utajiri wa maji. Umeme ukiwa wa pole, na dhahabu nyingi majini, chembe hupata nafasi ya kujipanga kama matofali mkononi mwa fundi, zikawa ngozi ngumu juu ya chuma. Umeme ukiwa mkali na dhahabu haba, chembe za karibu huisha kabla za mbali hazijafika. Kila ijayo hushika ncha iliyotokeza. Basi huota matawi kama mti, nayo hukatika yakawa unga. Umeme uliozidi huyapasua maji yenyewe, na mapovu yake huutikisa unga ukaanguka chini.

Mafundi huupenda unga, kwa kuwa huoshwa upesi katika nyuzi. Walakini wembamba wake ni hatari: usipochujwa vema huenda na maji, na jasho la miezi likapotea. Nao ni mweusi kwa sababu punje zake ndogo mno humeza nuru. Ukiyeyushwa kwa moto upitao digrii 1,064, manjano hurudi.

Basi mwenye marudio asiyaguse maji yale, kwani ni sumu. Bali asimamie hata tope lote, na lile la chini ya sanduku, lichujwe na kupimwa mbele yake. Haba na haba hujaza kibaba.