Koyoti na Wawindaji Wawili: Jina, Bunduki na Sumu katika Mashamba ya Marekani

Koyoti ni mnyama wa jamii ya mbwa, mdogo kuliko mbwa-mwitu, mkubwa kidogo kuliko mbweha wa Afrika ya Mashariki. Jina lake asili yake ni coyotl, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Meksiko. Wahispania walipoliazima, kiishio -tl, ambacho hakikuzoeleka katika ulimi wao, kiligeuka kuwa -te, kama vile tomatl ilivyopata kuwa tomate.

Wamarekani wasemao Kiingereza walikuwa na jina jingine kwanza. William Clark, alipomwua mmoja kando ya mto Missouri tarehe 18 Septemba 1804, alimwandika kuwa mbwa-mwitu wa mbuga. Na mwaka 1823 Thomas Say akampa jina la Kilatini Canis latrans, yaani mbwa abwekaye. (Msomaji wa Kiswahili aweza kuvutwa kulihusisha neno mbweha na kitenzi kubweka, lakini mfanano wa sauti peke yake si ushahidi.) Jina lile la kwanza halikuwa jambo dogo. Koloni la Massachusetts Bay lilianza kutoa zawadi kwa kila mbwa-mwitu aliyeuawa tangu mwaka 1630, na mnyama aliyeitwa mbwa-mwitu alirithi uadui huo pamoja na jina.

Mfugaji wa kondoo alikuwa na haki ya kulalamika, kwani koyoti huua wana-kondoo, na mwenye kundi dogo huweza kupoteza faida ya mwaka kwa majuma machache. Dawa yake ya zamani ilikuwa kumwita jirani au rafiki mwenye bunduki. Namna ya uwindaji huo yastahili kuelezwa. Wawili huingia shambani kabla ya mapambazuko, upepo ukiwavumia usoni, wakaketi mbalimbali. Mmoja hupuliza kipenga kidogo kinachoiga kilio cha sungura aliyejeruhiwa. Koyoti husikia, lakini haji moja kwa moja: huzunguka mpaka upande ambako upepo utamletea harufu ya yule anayelia. Basi rafiki wa pili huketi upande huo huo, kimya, na mara nyingi ndiye apigaye risasi. Peke yake, mpigaji kipenga hugunduliwa kabla hajamwona mnyama. Kwa kuwa hawaonani gizani, ni lazima kila mmoja ajue kwa hakika mwenzake ameketi wapi. Ndiyo maana mtu hachukui mgeni. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili wa Texas, Murry na Winston Burnham, walipata sifa kubwa kwa ufundi huu.

Serikali ilichagua njia nyingine. Mwaka 1915 Bunge la Marekani lilitenga dola 125,000 za kuangamiza mbwa-mwitu na wanyama wengine walao mifugo, na sheria ya mwaka 1931 ikaupanua mpango huo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikatumika sumu iliyojulikana kwa namba 1080, iliyotiwa katika nyama na kuachwa mbugani. Sumu haikujua koyoti yupi alikula mwana-kondoo na yupi aliishi kwa panya tu. Wala haikumtambua mbwa wa mfugaji mwenyewe. Mwaka 1972 Rais Nixon alipiga marufuku matumizi ya sumu za namna hiyo katika ardhi na mipango ya serikali kuu.

Matokeo yalikuwa kinyume cha makusudi. Mbwa-mwitu walitoweka karibu kote kusini ya Kanada, na koyoti, aliyekuwa akiwaogopa, akaingia katika nafasi yao. Misitu iliyogeuzwa mashamba nayo ikamfungulia njia ya mashariki. Leo yumo katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii. Hapana haja ya kudai kwamba wawindaji wawili wangaliweza kumzuia. Bunduki yao ilimtafuta aliyekuja katika shamba lile, asubuhi ile, na hawakuahidi zaidi ya hapo.

Katika mashamba ya magharibi jina lake hutamkwa mara nyingi kwa silabi mbili, na mijini kwa silabi tatu, karibu zaidi na Kihispania. Mwenye shamba humtambua mgeni kwa silabi hiyo ya tatu, kabla hajaulizwa kama aweza kuwinda.